Mtihani wa Mitandao ya Kompyuta: Tujiandae kwa Njia ya Haki
(Hotuba kwa vijana wanaojiandaa kwa mtihani wa CCNA)



Mada tuliyopewa leo ni maandalizi ya mtihani wa CCNA, yaani mtihani wa ufundi wa mitandao ya kompyuta unaotolewa na kampuni ya Cisco ya Marekani. Huenda baadhi ya wazee wetu wakajiuliza jambo hili linatuhusu nini. Linatuhusu sana. Mwaka 2009 kebo ya SEACOM iliyolazwa chini ya bahari ilifika Dar es Salaam na Mombasa, na mwaka 2010 ikafuata kebo ya EASSy. Tangu hapo mabenki, hospitali, vyuo na maduka yetu yamezidi kuitegemea intaneti. Tarehe 12 Mei, 2024 kebo hizo mbili zilipopata hitilafu, watu wengi wa Afrika Mashariki walionja tabu ya kukosa mawasiliano. Basi mtu anayekabidhiwa mtandao amekabidhiwa amana ya watu, na namna alivyokipata cheti chake si siri yake peke yake.

Kwanza kabisa inatupasa tuufahamu mtihani wenyewe. Unaotumika sasa ni ule wenye namba 200-301, ulioanza Februari 2020. Mtahiniwa hupewa dakika 120, na akishalijibu swali hawezi kulirudia. Ada yake ni Dola 300 za Marekani, na anayeshindwa hulipa upya. Kwa kijana wetu hizo si fedha chache. Mara nyingi zimechangwa na baba, mama, shangazi na kaka. Cheti chenyewe hudumu miaka mitatu, kisha sharti kihuishwe.

Masomo yake yamegawanywa katika sehemu sita. Misingi ya mitandao ina asilimia 20. Uunganishaji wa vifaa kwa swichi na kwa mawimbi ya hewani asilimia 20. Njia za kupitisha pakiti kutoka mtandao hadi mtandao asilimia 25. Huduma za mtandao asilimia 10. Usalama asilimia 15. Na uendeshaji wa mitandao kwa programu asilimia 10. Mwenye kuujua mgawanyo huu hawezi kumaliza mwezi mzima katika jambo dogo huku ameiacha robo ya mtihani.

Pili, hesabu za anwani. Hapa ndipo wengi hukwama, nao hukwama kwa kukariri majedwali bila kuelewa. Tuchukue mfano. Kompyuta imepewa anwani 192.168.10.77/26, je, imo katika mtandao upi? Anwani hiyo ina biti 32. Biti 26 ni za mtandao, basi zimebaki biti 6 za vifaa. Mbili kwa kipeo cha sita ni 64. Kwa hiyo mitandao huanzia 0, 64, 128 na 192. Namba 77 imo kati ya 64 na 127. Namba 64 ni anwani ya mtandao wenyewe, 127 ni ya kuwatangazia wote, na vifaa hupewa kuanzia 65 mpaka 126, yaani vifaa 62. Hesabu hii haihitaji kipaji. Fanyeni kumi kila siku kwa kalamu na karatasi, na baada ya majuma machache mtazifanya kichwani. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, tuulize sababu ya kila jambo. Rauta inayo njia mbili za kuifikia anwani 10.1.1.5. Moja imeandikwa na fundi kwa mkono, nayo inaelekea 10.1.0.0/16. Nyingine imeletwa na itifaki ya OSPF, nayo inaelekea 10.1.1.0/24. Je, rauta itafuata ipi? Wengi hujibu: ile ya fundi, kwa kuwa daraja lake la kuaminiwa ni 1 na la OSPF ni 110. Hilo ni kosa. Rauta hutazama kwanza njia iliyo mahususi zaidi, nayo ni ile ya /24. Madaraja ya kuaminiwa hulinganishwa pale tu njia zinapoelekea mtandao ule ule wenye kipimo kile kile. Aliyekariri namba hizo mbili ataanguka hapa, lakini aliyeelewa atapita.

Nne, mikono nayo isome. Wapo wanaosema hawana fedha za kununua rauta na swichi. Ndugu zangu, udhuru huo hauna nguvu tena, kwani ipo programu ya Packet Tracer inayoiga mtandao ndani ya kompyuta, nayo hupatikana bure kwa mwenye kujiandikisha katika chuo cha mtandaoni cha Cisco. Jengeni humo mtandao wa swichi mbili na rauta moja. Igawanyeni swichi kwa VLAN, iwe kama swichi kadhaa. Ukishafanya kazi, mwenzako auharibu nawe ukiwa nje: abadilishe anwani ya lango, au aizuie VLAN moja isivuke baina ya swichi. Kisha wewe urudi utafute kasoro. Zoezi hilo moja lina faida kuliko kusoma sura nzima mara tatu.

Tano, tunafika penye jaribu kubwa. Yako maswali ya mtihani yaliyovujishwa, nayo huuzwa kwa bei ndogo. Anayeyanunua husema: ada ni kubwa, familia inasubiri, na wengine wote wanafanya hivyo. Tunaielewa dhiki hiyo, lakini dhiki haiigeuzi batili kuwa haki. Kila mtahiniwa, kabla ya kuanza, hukubali sharti la kutoyatoa maswali. Basi aliyeyauza amevunja ahadi, na anayeyanunua ni mshirika wake. Cisco inao uwezo wa kumnyang'anya cheti na kumzuia asifanye mitihani yake tena. Hapo mchango wote wa jamaa umepotea. Hata asipogunduliwa, njia ya mwongo ni fupi. Siku mtandao wa hospitali utakapokatika usiku, majibu aliyoyakariri hayatamwambia kasoro iko wapi.

Hata hivyo, tusiogope maswali yote ya mazoezi. Yale yaliyotungwa na walimu hueleza kwa nini jibu hili ni sahihi na yale mengine si sahihi. Ya wizi hujisifu kwamba ndiyo yenyewe yatakayotoka. Alama hiyo yatosha kuyatambua.

Mwisho, siku ya mtihani. Jina ulilojiandikishia liwe sawasawa na la kitambulisho chako. Lala mapema usiku wake. Usilishikilie swali moja mpaka muda ukaisha. Na kama hukufaulu, usiitupe karatasi ya matokeo, kwa kuwa huonyesha ulivyofanya katika kila sehemu; anzia pale palipo dhaifu. Nasi wazazi tusimkemee kijana aliyeshindwa kwa haki. Tukimkemea huyo na kumpongeza aliyepita kwa wizi, sisi wenyewe ndio tutakuwa tumewafundisha vijana wizi.

Basi tunapendekeza vijana wetu wakutane kwa vikundi vya watu watatu au wanne kila juma, wafundishane na kuulizana. Na wenye kazi katika fani hii wajitolee angalau saa moja kuwasaidia. Mwenyezi Mungu awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa na riziki ya halali. Amin.