Kiti cha Kupewa na Kiti cha Kuchaguliwa



Twaomba masikio yenu kwa jambo moja, nalo ni nafasi ya wanawake katika mabaraza ya wilaya na vijiji.

Sisi wa visiwani tusilitazame jambo hili kwa kiburi. Katika uchaguzi wa Julai 1957 hapa Unguja na Pemba walipiga kura wanaume peke yao. Mama zetu hawakufika sandukuni hata Januari 1961, na haki hiyo waliipata kwa kuidai.

Tuwatazame na ndugu zetu wa bara, huko Mgori katika Singida. Katika miaka ya 1990 vijiji vitano vilijitwalia ulinzi wa msitu wao mkubwa, vikaweka walinzi na sheria ndogo. Nani akate mti, nani alishe ng'ombe, atozwe nini mwenye kukosa: mambo ya namna hiyo hupita mikononi mwa halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25. Na ni nani aijuaye njia ya kuni kuliko mwanamke? Sheria ya kuni ikitungwa naye hayupo, itamkuta njiani na mzigo kichwani.

Vyama vingi vilirudi mwaka 1992. Sheria imewawekea wanawake wa bara viti maalumu visivyopungua theluthi katika mabaraza ya madiwani. Hilo ni jema, wala hatulikatai. Lakini tulipime kwa mizani ya haki. Diwani wa viti maalumu hana kata iliyompigia kura. Jina lake limetoka katika orodha ya chama. Akitaka kurudi barazani, hana budi kumridhisha mwenye orodha. Aliyechaguliwa na kata huulizwa na kata.

Kwa hiyo twatoa shauri. Uchaguzi ujao, chama chetu kisimamishe wanawake katika wadi tunazotumaini kushinda, si katika zile tulizokwisha kuzikatia tamaa. Na gharama zao zitoke katika mfuko wa tawi, kama zitokavyo za wanaume.

Kila siku twawalaumu watawala kwamba wametufungia mlango. Isije ikaonekana kuwa sisi nasi tumeuegemea mlango huo huo kwa ndani, na mama zetu wako nje wanabisha hodi.