Hita Ikipoa, Tazama Maji



Leo tunazungumza juu ya hita ya lori. Tunajua wengine mtauliza: "Mwalimu, hita inatuhusu nini sisi wakulima wa Tabora, mahali penye jua namna hii?" Swali ni zuri. Tulijibu pamoja.

Tabora iko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Juni na Julai kila mtu hutafuta blanketi. Tena malori hayaishii hapa. Mengine huenda Mbeya, kupitia Sikonge, Ipole, Rungwa na Chunya. Kabla ya kuingia Mbeya barabara hupanda milima, na baridi ya huko si mchezo.

Safari moja, mwezi wa Julai, tulipanda lori la mizigo njia hiyo. Hita ilitoa hewa ya vuguvugu tu. Tulipolala njiani, utingo akawasha jiko la mkaa. Akataka kuliingiza kwenye kebini, ndani ya chumba cha dereva, vioo vimefungwa. Tukamzuia.

"Mwalimu, si tutakufa kwa baridi!" akalalamika.

"Baridi tutaivumilia, mdogo wetu. Mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ndio unaoua."

Ndugu zangu, hilo tulishike sana. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu. Hewa hiyo haina rangi wala harufu. Mtu hulala, asiamke tena. Nyumbani ni hivyo hivyo.

Asubuhi, injini ikiwa imepoa, dereva alifungua mfuniko wa rejeta. Loo, maji yalikuwa chini kabisa! Mpira mmoja ulikuwa unavuja kwenye kibanio chake. Hita ilikuwa imetuambia tangu jana, lakini sisi hatukuisikia.

Je, hita hufanyaje kazi? Hita ya namna hii haina moto wake yenyewe. Maji yanayopoza injini hupata moto. Baadhi ya maji hayo hupita katika mipira miwili, yakafika kwenye rejeta ndogo iliyo chini ya dashibodi. Feni hupuliza hewa hapo, na joto likaingia kwenye kebini. Basi maji yakipungua, hita huweza kupoa mapema. Mshale wa geji nao unaweza kudanganya, maana kipimo kisipoguswa na maji hakisemi kweli.

Sasa tufuate hatua hizi.

Kwanza, pima maji injini ikiwa baridi. Usifungue mfuniko wakati injini ina moto. Maji yataruka na kukuunguza uso. Yakiwa yanapungua kila mara, na nje huoni yanapovuja, mwone fundi. Huenda gasketi ya silinda hedi imeungua.

Pili, endesha lori mpaka injini ipate moto. Injini ya dizeli ikinguruma mahali pamoja huchelewa kupata moto, kwa hiyo usiihukumu kabla haijatembea. Kisha zima injini, uguse mipira miwili ya hita kwa uangalifu. Yote miwili ikiwa ya moto, maji yanafika. Tazama feni na kifuniko kinachoelekeza hewa. Mmoja ukiwa wa moto na mwingine baridi, huenda koki ya hita imefungwa, au rejeta ndogo imeziba, au upepo umeingia ndani na unahitaji kutolewa. Yote ikiwa vuguvugu, na maji yamejaa, shuku thamostati au pampu ya maji.

Tatu, uliza kama thamostati ipo. Hiki ni kimlango kidogo. Hufunga njia ya maji kwenda rejeta kubwa mpaka injini ipate moto wake. Mafundi wengine huing'oa, wakisema nchi yetu ni ya joto. Hapo wanakosea. Bila thamostati injini hukaa baridi mno. Hita hupoa, mafuta huliwa zaidi, na injini huchakaa upesi. Kuipima ni rahisi. Itie katika sufuria ya maji, uyapashe moto. Maji yakiwa baridi iwe imefunga. Yakikaribia kuchemka, ifunguke. Isipofanya hivyo, nunua mpya.

Nne, tumia maji safi pamoja na dawa ya rejeta. Maji ya chumvi au tope huharibu vyuma. Lakini dawa hiyo ni sumu, na nyingine ina ladha tamu. Usiimwage mahali ambapo watoto au mbuzi wanaweza kuilamba.

Ndugu zangu, katika karne ya 19 wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka huku hadi Bagamoyo. Kati ya Tabora na Ugogo palikuwa na pori la Mgunda Mkali, na maji yalikuwa haba. Msafara wenye busara uliuliza habari za maji kabla ya kuingia. Leo mzigo unabebwa na lori, lakini swali ni lile lile: maji yapo?

Injini ya lori la chama ikiungua, hasara ni ya wanachama wote, na tumbaku yetu inabaki ghalani. Kwa hiyo dereva akisema hita ni mbovu, tusimcheke kwamba anaogopa baridi. Tumwambie: "Ndugu dereva, tazama maji kwanza." Na jiko la mkaa libaki nje.