Damu ya Watu wa Ziwani

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa reli, Kisumu)



Tumeombwa tueleze jambo lililotokea katika genge letu la kutengeneza njia. Mwenzetu mwenyewe na mkewe wametupa ruhusa, na minong'ono imekwisha kufika Muhoroni, kwa hiyo afadhali tuseme wazi.

Mwenzetu huyu ni Mjaluo wa Nyakach. Mkewe ni Mmaragoli. Mtoto wao wa tatu, tangu hajatimiza mwaka, huvimba vidole vya mikono na miguu, hulia usiku kwa maumivu ya mifupa, na macho huwa manjano. Mara mbili ameongezwa damu. Jamaa za mume wakasema ugonjwa umeletwa na mama, maana si wa damu yetu. Jamaa za mke wakasema ni laana ya Wajaluo. Na sisi tusijitakase: tuliyasema hayo hayo wakati wa chai, tukacheka. Ilibaki kidogo mke arudishwe kwao.

Tumezoea kutazama sura na kutoa hukumu. Mrefu mweusi, basi ni Mjaluo. Mfupi mnene, basi ni Mluhya. Lakini katika genge letu aliye mrefu kuliko wote ni mtu wa Bunyore, na aliye mweupe kuliko wote ni Mjaluo wa Alego. Wazee wa Kijaluo zamani walijulikana kwa pengo la meno sita ya chini. Hakuna mtoto aliyezaliwa na pengo lile. Meno yaling'olewa na watu, na desturi ilipoachwa pengo likaisha. Kule Rusinga na Mfangano wako Wasuba, ambao lugha ya babu zao ni ya Kibantu. Leo wengi wao husema Kijaluo, na ukikutana nao sokoni huwezi kuwatenga. Hata reli yenyewe, iliyofika hapa Desemba 1901 wakati mji ukiitwa Port Florence, ilijengwa na Wahindi wapata 32,000 walioletwa kwa meli, na wapata 2,500 kati yao walikufa kazini. Wajukuu wa waliobaki Kenya walitambuliwa na Serikali mwaka 2017 kuwa kabila la 44.

Januari 2008 katika mji huu jina au sura ilitosha mtu kuchomewa nyumba. Wengine walikuwa majirani zetu. Tuendelee.

Hospitalini baba na mama wote wawili walipimwa damu. Ugonjwa wa mtoto unaitwa seli mundu, kwa sababu chembe nyekundu za damu, badala ya kuwa mviringo, hujikunja kama mundu wa kukatia majani, zikaziba mishipa midogo. Hauambukizi, wala si uchawi. Mtoto huupata akirithi mbegu yake kwa baba na kwa mama pia. Upande mmoja hautoshi. Baba wa Nyakach alikuwa nayo, na mama wa Maragoli alikuwa nayo, na wote wawili ni wazima kabisa.

Imekuwaje kabila mbili zenye lugha mbali mbali ziwe na mbegu moja? Jibu ni mbu. Mwaka 1949 kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alizunguka nchi akipima damu. Karibu na ziwa letu, na kule pwani, aliwakuta wenye mbegu hii wakizidi 20 katika kila watu 100. Milimani, karibu hakuna. Mwaka 1954 alitoa maelezo yake: anayerithi upande mmoja tu hukingwa na malaria kali. Basi vizazi kwa vizazi waliopona homa ndio waliozaa, Mjaluo, Mluhya na Msuba pamoja. Ziwa halikuuliza mtu anasalimu kwa lugha gani.

Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kumpata mtoto mgonjwa. Vijana mnaotaka kuoa, sikieni hapo. Kuoa kabila lako hakukukingi. Kupimwa ndiko kunakoonyesha.

Mtoto akiongezwa damu mara ya pili, watu wanne wa genge walikwenda kutoa: Mjaluo mmoja, Mkisii mmoja na Waluhya wawili. Hakuna aliyeuliza chupa ipi ni ya nani.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, mwenzetu alikatwa mshahara wa siku sita alizokaa hospitalini na mtoto, zikaandikwa utoro. Tunaomba Kamati ipeleke jambo hili kwa wakubwa: siku za kliniki za mtoto mgonjwa zihesabiwe ruhusa, kwa cheti cha daktari. Na wanaotaka kupimwa wampe Karani majina yao leo kabla ya kutoka. Mwenzetu ameketi pale nyuma pamoja na mkewe. Jina la kwanza katika orodha ni la kaka yake.