Tiketi ya Kurudi Ifuate Kalenda ya Shule

Mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wazazi, walimu na wazee wa mtaa, Mombasa, wiki ya mwisho ya Julai 2025

 

Kikatiba, kaunti inasimamia elimu ya chekechea, nazo shule za msingi na sekondari ziko chini ya serikali ya kitaifa. Lakini nyumbani kwako watoto hawagawanyiki hivyo. Wa PP2 na wa Gredi ya 8 wanapanda ndege moja na kurudi pamoja. Kwa hivyo leo nitawazungumzia wote.

Mombasa ni mji wa watu wenye jamaa ng'ambo. Nyumba hii ina shangazi Muscat, ile ina kaka Dubai, nyingine ina binti aliyeolewa London. Likizo ya Agosti ikikaribia, watu hutoa masanduku. Wala sikuja hapa kuwakataza. Mtoto akimwona nyanya yake aliyekuwa akimsikia kwenye simu tu, akacheza na binamu zake, akaona mji mwingine unavyoendeshwa, hayo nayo ni mafunzo. Nilichojia ni tarehe ya kurudi.

Mwaka huu shule zetu zinafungwa Ijumaa tarehe 1 Agosti na kufunguliwa Jumatatu tarehe 25 Agosti. Hizo ni wiki tatu. Sasa tazameni wenyeji wetu wa huko. Shule za Uingereza hufungwa kwa takriban wiki sita, kuanzia mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Kwao hiyo ndiyo likizo ndefu ya mwaka. Sisi likizo yetu ndefu ni ya Novemba na Desemba. Kwa hivyo tarehe 25 Agosti, wakati kengele inalia hapa, binamu zake London bado wanacheza bustanini. Shangazi atasema, "Mwacheni mtoto amalize na wenzake, wiki moja tu." Kisha utaambiwa tiketi ya Septemba ni nafuu kuliko ya Agosti, na mara nyingi ni kweli, kwa sababu Agosti wasafiri ni wengi. Hapo ndipo wiki moja inapokuwa mbili.

Tupigeni hesabu pamoja. Muhula wa tatu unaanza tarehe 25 Agosti na kumalizika tarehe 24 Oktoba. Ni wiki tisa tu. Ukihesabu Jumatatu hadi Ijumaa unapata siku 45. Toa Siku ya Mazingira tarehe 10 Oktoba, toa Mashujaa tarehe 20 Oktoba, zinabaki siku 43. Mtoto akichelewa wiki mbili amepoteza siku kumi. Hiyo ni karibu robo ya muhula mzima.

Na huu ndio muhula wa mitihani. Gredi ya 6 wana KPSEA. Gredi ya 9 wana KJSEA, nao ndio wa kwanza kabisa kuufanya nchini. Kidato cha nne wana KCSE. Hata kwa madarasa mengine, mwalimu hana nafasi ya kurudia somo la wiki ya kwanza kwa ajili ya mtoto mmoja. Pesa uliyookoa kwenye tiketi utailipa kwa masomo ya ziada, na mtoto ataenda huko akiwa amechoka.

Aidha, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inampa mzazi wajibu wa kumwandikisha mtoto shuleni na kuhakikisha anahudhuria. Sheria hiyo haisemi kwamba wajibu unasimama ukiwa safarini.

Sasa tuseme mmerudi kwa wakati. Kazi haijaisha, kwa sababu usingizi wa mtoto bado uko alikotoka.

Mwezi wa Agosti saa ya London iko nyuma ya yetu kwa saa mbili. Mapema mwezi huo jua la huko huzama mwendo wa saa mbili na dakika arobaini usiku, na mtoto hakubali kulala nje kukiwa kweupe. Akizoea kulala saa nne usiku kule, hapa kwetu hiyo ni saa sita usiku. Halafu kuna mtoto wa Likoni anayesoma kisiwani, anayeamshwa saa kumi na moja alfajiri ili awahi feri. Kwa mwili uliozoea London, hiyo ni saa tisa usiku. Mtoto wa miaka sita hadi kumi na miwili anahitaji kulala saa tisa hadi kumi na mbili. Huyu amepata tano. Mwalimu atamwona anasinzia darasani, adhani ni mtoro wa akili, kumbe ni usingizi.

Wa kutoka Ghuba tofauti ya saa ni ndogo. Muscat na Dubai ziko mbele yetu kwa saa moja tu. Shida ya huko ni joto. Agosti joto hupita nyuzi 40, kwa hivyo watoto hushinda ndani na kutoka usiku. Wanarudi wamezoea kukesha, simu mkononi.

Ndiyo maana ninawaomba mrudi kufikia Jumatatu tarehe 18 Agosti, wiki nzima kabla ya kufungua. Wiki hiyo itumieni hivi.

Siku ya kwanza apumzike. Kuanzia siku ya pili, mwamsheni asubuhi hata kama hakulala vizuri, atoke nje apigwe na jua. Jioni, kila siku mlaze nusu saa mapema kuliko jana, na simu zote zilale chumba cha wazazi. Chakula kirudi kwenye saa zake. Kama anasoma madrasa, aanze kwenda wiki hiyo hiyo, maana hapo atazoea tena kukaa, kusikiliza na kuandika. Mpimeni sare na viatu mapema, kwa kuwa watoto hukua na Jumapili jioni duka la sare halina nafasi ya kusimama. Zile kazi alizopewa na mwalimu zitolewe kwenye sanduku kabla ya zawadi.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nasi mtoto aliyetoka ng'ambo tusimfanye mgeni mwezi mzima. Apewe kazi yake ya nyumbani, avioshe vyombo, akafuate maziwa dukani.

Mwambieni pia darasani wapo wenzake ambao hawakwenda hata Malindi. Akiulizwa, asimulie alichokiona. Orodha ya alivyonunuliwa ibaki nyumbani.

La mwisho ni gumu kidogo. Safari ni safari. Ndege huahirishwa, mgonjwa hulazwa, msiba hutokea. Ukijua utachelewa, mpigie mwalimu wa darasa kabla shule haijafunguliwa na umweleze ukweli. Ataweza kukutumia kazi za wiki hiyo. Tafadhali usirudi na kusema mtoto alikuwa mgonjwa. Mtoto amesimama pale kando yako, anasikia. Jioni hiyo hiyo utamuuliza kama amemaliza kazi ya shule, naye atakujibu kwa lugha uliyomfundisha asubuhi.

Kwa hivyo ukifika nyumbani leo, kabla ya chakula, fungua ile tiketi usome tarehe ya kurudi. Kama ni baada ya tarehe 25 Agosti, kesho asubuhi mpigie wakala wako. Pengine utaongeza pesa kidogo. Linganisha pesa hiyo na siku kumi kati ya 43, kisha uamue.

Safari njema, na mrudi salama.