Mshukiwa Si Mhalifu
Hotuba kwa wakazi katika baraza la wadi

Nimeombwa nizungumze juu ya haki za mtu aliyeshtakiwa. Najua baadhi yenu mngependa nianze na haki za aliyeibiwa. Nitafika huko, kwa sababu haki hizo mbili haziachani.

Kifungu cha 50 cha Katiba yetu ya mwaka wa 2010 kinasema mshtakiwa huchukuliwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe vinginevyo. Maana yake ni kwamba mzigo wa kuthibitisha uko juu ya upande wa mashtaka. Mshtakiwa halazimiki kusema lolote. Ushahidi ukibaki na shaka ya maana, mahakama humwachilia.

Nani huamua? Kule Uingereza na Marekani, kesi nzito huamuliwa na raia, kwa kawaida 12, wanaoapa kufuata ushahidi uliotolewa mahakamani pekee. Hapa kwetu wakati wa ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa aliamuliwa na Wazungu wenzake. Mwafrika alisikilizwa na jaji aliyekaa na washauri, na maoni yao hayakumfunga jaji. Utaratibu huo wa washauri ulifutwa mwaka wa 2007. Leo uamuzi ni wa jaji au hakimu, naye ni lazima aandike sababu zake.

Lakini barabarani bado tunayo mahakama isiyotoa sababu. Mmoja anapiga kelele, "Mwizi!" na kabla ya dakika tano watu hamsini wameshahukumu kwa mawe na tairi. Hakuna aliyeuliza nani aliona. Kesho ikijulikana kwamba yule kijana alikuwa mgeni anayetafuta nyumba ya shangazi yake, hakuna rufaa ya kumfufua. Na aliyerusha jiwe moja tu anaweza kushtakiwa kwa mauaji.

Aliyeibiwa naye hapati kitu. Maiti haisemi ng'ombe walipelekwa wapi wala nani aliwanunua.

Tukumbuke Kapenguria. Mwaka wa 1953 Mzee Jomo Kenyatta na wenzake watano walifungwa. Shahidi mkubwa dhidi ya Mzee, Rawson Macharia, alikula kiapo mwaka wa 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa zawadi. Ikiwa shahidi aliyeapa mbele ya hakimu aliweza kusema hivyo baadaye, je, kelele za sokoni?

Basi tufanye nini? Ukimwona mtu akitenda kosa kubwa mbele ya macho yako, sheria inakuruhusu kumkamata. Haikuruhusu kumpiga. Mpeleke kwa polisi bila kuchelewa, uandikishe taarifa na upewe nambari ya OB. Usiguse vitu vilivyo mahali pa tukio. Kumbuka uliyoyaona mwenyewe na uyatenge na uliyoyasikia kwa jirani.

Kisha ufike mahakamani siku ya kesi. Hapa ndipo tunapoanguka. Kesi nyingine hufa kwa sababu mashahidi hawakuja, halafu tunasema hakimu amekula hongo. Kama unaogopa kutoa ushahidi, mweleze mwendesha mashtaka mapema. Kenya ina shirika la kuwalinda mashahidi.

Jambo la mwisho ni dhamana. Polisi wanatakiwa kumfikisha mshukiwa mahakamani ndani ya saa 24, au siku ya mahakama inayofuata. Hapo anaweza kuachiliwa kwa dhamana, isipokuwa kuna sababu nzito za kumzuia. Ukimwona kijijini, usidhani kesi imekwisha wala kwamba amenunua uhuru. Ameahidi kurudi, na kesi inaendelea. Akikutisha wewe shahidi, ripoti mara moja, maana mahakama inaweza kumwondolea dhamana hiyo.

Ndugu zangu, leo anayenyoshewa kidole ni mtoto wa jirani. Kesho anaweza kuwa wako, amesimama peke yake katikati ya watu wasiomjua. Siku hiyo utataka mtu mmoja tu aseme: "Ngojeni. Nani aliona?" Naomba mtu huyo awe wewe.