Mchoraji na Dakika za Magharibi
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni)



Neno tulitumialo sana sisi makarani ni hili: "Sina nafasi." Mchana ni wa kazi ya ofisi, na jioni mwili umechoka. Leo naomba kuwasimulia habari za mtu ambaye kazi yake ilimpa dakika chache tu kwa siku, naye akaimaliza.

Mtu huyo ni John Singer Sargent, mchoraji aliyezaliwa Florence, nchi ya Italia, mwaka 1856, wazazi wake Wamarekani. Mwaka 1885 alikuwa katika mashua juu ya mto Thames, akaona fanusi za karatasi za Kichina zimetundikwa kati ya miti na mayungiyungi. Akaazimu kuchora jambo kama lile, nje bustanini, katika kijiji cha Broadway, Uingereza: watoto wawili wa kike, wenye magauni meupe, wakiwasha fanusi kati ya mayungiyungi, mawaridi na makaranesheni.

Sasa itazameni shida yake. Aliitaka nuru ile ya wakati jua limekwisha kuchwa na giza halijaingia, ambapo mwanga wa fanusi na weupe wa maua huonekana pamoja. Kwetu magharibi hupita upesi. Kule, wakati wa joto, hukawia zaidi. Lakini hata kule nuru aliyoitaka haikudumu ila dakika chache.

Basi, alifanyaje? Kila alasiri aliviweka tayari vitu vyote, turubai na maua, na watoto wamekwisha kuvaa. Kisha akacheza tenisi na rafiki zake. Saa ilipowadia aliuacha mchezo, akapaka rangi upesi upesi hata nuru ikatoweka. Akaondoka, akaingojea kesho. Dakika zile hakuzipoteza kwa kutafuta brashi.

Wala msidhani mambo yalimnyokea. Baridi iliingia, maua yakanyauka, akalazimika kuweka maua ya bandia mahali pao. Novemba aliiacha kazi haijaisha, lakini hakuitupa. Alipeleka tunguu za mayungiyungi zipandwe mapema, na mwaka 1886 akarudi Broadway, akaendelea hata Oktoba, akaimaliza. Mwaka 1887 picha hiyo, iitwayo "Carnation, Lily, Lily, Rose", ilionyeshwa katika Royal Academy, ikanunuliwa kwa ajili ya taifa, na hata leo imo katika jumba la Tate, London.

Ndugu zangu, nami naungama. Miaka mitatu iliyopita nilinunua kitabu cha kujifunza uwekaji wa hesabu, nipate kufanya mtihani wa kupanda daraja. Kila jioni nilitafuta kalamu, kisha nikatafuta mafuta ya taa, kisha usingizi ukanikuta. Mende wamekula jalada lake, nami sijavuka sura ya pili. Nafasi nilikuwa nayo. Matayarisho ndiyo sikuwa nayo.

Tangu mwezi uliopita kitabu, kalamu na taa huviweka mezani asubuhi, kabla ya kwenda kazini. Sasa nimo katika sura ya tano. Mwenye kitabu kilicholiwa na mende nyumbani kwake, na ajaribu vivyo hivyo kesho.