Kinachobaki Ndicho Kinachochipua

Somo: Ezekieli 34:17–22

Popote mlipo asubuhi hii, Kisumu mjini, Ahero, Nyakach, Bondo, au ng'ambo ya ghuba kule Mbita, karibuni tulitafakari Neno la Mungu pamoja kwa dakika chache. Wengine wenu mnatusikiliza huku mkikamua. Endeleeni na kazi, maana habari ya leo inamhusu ng'ombe huyo huyo, na majani anayoyala.

Katika sura hii nabii Ezekieli anaanza kwa kuwakemea wachungaji waliojilisha nafsi zao. Sehemu hiyo tumezoea kuisoma huku tukiwafikiria watu wengine. Lakini kuanzia mstari wa 17 Mungu anawageukia kondoo wenyewe. Anawashitaki wale wanono wenye nguvu kwamba walipokwisha kushiba, walitia kwato zao juu ya sehemu ya wenzao, na wale dhaifu wakaachiwa mabaki yaliyopondwa. Angalieni vizuri, ndugu zangu. Shitaka si kwamba walikula. Malisho ni ya kuliwa. Shitaka ni kwamba hawakumwachia mwingine.

Tungependa kuwaeleza jambo lililotupata sisi wenyewe, katika ushirika wetu hapa uwanda wa Kano. Hatulisemi kwa kujisifu.

Mwaka 2020 ziwa lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na mto Nyando nao ukafurika. Familia nyingi za ukingoni zilihama makwao, na malisho yao yakawa chini ya maji. Miongoni mwa waliopanda kwetu alikuwa mama mmoja mjane, na watoto watatu, na ng'ombe mmoja wa maziwa. Maziwa hayo ndiyo yaliyokuwa yakilipa karo. Kanisa letu lina shamba la majani nyuma ya jengo. Sisi wazee tuliketi, tukaamua, tukaandika katika kitabu cha kumbukumbu kwamba sehemu moja ya shamba hilo iwe ya mama huyu mpaka atakapopata mahali pake. Tukaomba, tukapeana mikono.

Kiangazi kikaja. Mama yule akaiacha sehemu yake ipumzike. Kila siku alikwenda mbali kutafuta majani kando ya barabara, akayabeba kichwani, ili yale ya nyuma ya kanisa yapate nguvu. Mwezi wa Machi mvua za kwanza ziliponyesha, sehemu yake ndiyo iliyotangulia kuwa kijani.

Na ng'ombe wetu sisi walikuwa wamekonda. Mzee mmoja akafungulia wake, akasema ni kwa siku moja tu. Wa pili akaona, naye akafungulia. Siku ya nne tulikuwa sote. Waswahili husema wapiganapo tembo nyasi huumia. Sisi hatukupigana. Tulipatana vizuri kabisa, na nyasi ziliumia vivyo hivyo.

Baada ya majuma mawili pale mahali palikuwa na matope na visiki vya majani. Mvua kubwa za Aprili zikauchukua udongo wa juu. Mama hakutulaumu. Jumapili moja tulipotoka ibadani tuliona kigingi cha ng'ombe wake kiko peke yake. Alikuwa amemwuza, kwa bei ya ng'ombe aliyekonda, kwa sababu hakuwa na cha kumlisha.

Mtu atauliza, siku chache tu za kulisha zawezaje kuharibu hivyo, na mvua bado inanyesha? Sisi nasi tulidhani majani huletwa na mvua. Mvua peke yake haitoshi. Jani hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula cha mmea mzima, na sehemu ya chakula hicho huwekwa akiba chini ya shina na mizizini. Kiangazi kinapokwisha, mmea hauna majani mabichi ya kuulisha, kwa hiyo huchipua kwa kutumia akiba ile. Ni kama mkulima anayetoa mbegu ya mwisho ghalani na kuipanda. Chipukizi la kwanza si mavuno. Ni ile mbegu. Likiumwa kabla halijatoa majani ya kutosha kurudisha kilichotumika, mmea hulazimika kuchota tena akibani. Likiumwa tena, huchota tena. Mizizi hufupika na kufa, na mwishowe shina lenyewe hufa.

Tena udongo wetu mweusi wa Kano mnaujua. Kiangazi hupasuka, masika hunata. Ukikanyagwa na kwato ukiwa na maji, hushindiliwa, na maji hayapati njia ya kuingia. Basi hukimbia juu na kwenda na udongo. Nendeni Katuk Odeyo kule Nyakach mkayaone makorongo, mtafahamu ni wapi shamba linakoelekea linapokosa mizizi ya kulishika.

Kitabu cha Mithali, sura ya 27 kuanzia mstari wa 23, kinamwagiza mfugaji aijue vizuri hali ya wanyama wake, kisha kinataja utaratibu wa malisho: majani hukatwa, na mengine huota nyuma yake. Mungu ameuweka utaratibu huo. Lakini hatukuacha cha kuotea.

Tulikutana tena, safari hii tukiwa na aibu, tukamwita mama yule na kumwomba radhi. Hakusema mengi. Alituambia, "Wazee wangu, mimi sikuwanyima. Mngengoja juma sita, tungekula sote." Ndugu msikilizaji, tumesikia mahubiri mengi katika kanisa lile, lakini hilo hatujalisahau.

Zakayo alipotubu alifungua mkoba. Sisi hatukuweza kulipa mara nne kama yeye, lakini kila mzee aliyefungulia ng'ombe wake alichanga, tukamnunulia mama mtamba mwenye mimba. Kisha tukaanza kulitengeneza shamba, na hapo tulijifunza mambo matatu.

Kwanza, kungoja. Tuliligawa shamba sehemu nne kwa ua wa miti. Ng'ombe huingia moja huku tatu zikipumzika, na mvua za kwanza hakuna anayeingia mpaka majani yainuke na udongo ukauke kidogo. Napia, ambayo wengine huiita majani ya tembo, tunaikata inapofikia kimo cha kama mita moja, na wakati wa mvua hurudi kimo hicho baada ya juma sita hadi nane.

Pili, kuacha. Napia hatuikati mpaka chini; tunaacha shina lenye urefu wa upana wa kiganja, kama sentimeta 10, maana machipukizi hutoka hapo. Katika malisho ya kawaida tunawatoa ng'ombe majani yanapobaki nusu. Macho husema bado kuna chakula. Ni kweli kipo, lakini hicho ni chakula cha mizizi.

Tatu, kurudisha. Anayekata na kubeba kila siku hubeba pia rutuba ya shamba. Kwa hiyo samadi haiachwi irundikane zizini. Inarudi kwenye mashina. Palipokuwa pamekufa tulipanda majani ya Rhodes, tukifunika mbegu kwa udongo kidogo sana, maana ni ndogo na nyepesi.

Na mwenye kishamba kidogo asikate tamaa. Watafiti wa ICIPE kule Mbita, kandokando ya ziwa letu, tangu miaka ya 1990 wamewafundisha wakulima kuzungusha Napia kandokando ya mahindi na kupanda desmodiamu katikati ya mistari. Desmodiamu hulizuia lile gugu la kayongo na kuwafukuza nondo wanaozaa viwavi wa mabua. Napia huwavuta nondo hao watoke kwenye mahindi. Mimea yote miwili huliwa na ng'ombe. Shamba moja hulisha watu na mifugo, bila kumwibia jirani.

Wapendwa, Mungu alipowapa Israeli sheria ya mwaka wa saba, katika Kutoka sura ya 23, aliamuru ardhi ipumzike, na akataja sababu: maskini wapate kula, na wanyama wa mwituni nao wapate chao. Pumziko la ardhi na haki ya maskini viliwekwa katika amri moja. Sisi tulivitenganisha, tukavipoteza vyote viwili kwa majuma mawili.

Basi tujiulize leo. Ni chipukizi la nani tunalolila kabla halijainuka? Pengine ni karo ya binti tunayoitumia kwa sherehe, tukisema tutairudisha. Pengine ni sadaka iliyotengwa kwa ajili ya yatima, tunayoikopa kwa kuezeka kanisa. Pengine ni kijana aliyeokoka juzi, ambaye tumempa kazi kumi za ushirika kabla mizizi yake haijashika. Siku moja tu, tunasema. Lakini aliye nyuma yetu anatuona, naye hufungulia wake.

Shamba la kanisa limerudi, ila si lote. Pembe ya chini, pale maji yalipopita, bado ni kipara. Kila mwaka majani ya pembeni huingia humo hatua moja au mbili. Tumeacha kuharakisha. Tumeweka ua, tunapaangalia, na tunangoja. Mtamba wa mama amezaa mara mbili, na sehemu yake ina mpaka ambao hakuna mzee anayeuvuka.

Tuombe.

Ee Baba, mwenye malisho yote, tusamehe tulipokula na kukanyaga. Tupe macho ya kumwona anayekula baada yetu. Tufundishe kungoja wakati tumbo linasema sasa, na kuacha wakati mkono unaweza kuchukua. Wanyeshee mvua watu wako wa pande zote za ziwa, na mvua hiyo ikute mizizi iliyo hai. Kwa Yesu Kristo, Mchungaji mwema. Amina.